Mwezi Ulipoandama Mayoni

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka naomba unipe sikio. Najua wengi wenu mkisikia neno tarakilishi mnakumbuka kile chumba chetu chenye mapazia mazito na ilani ya "Vua Viatu". Kisa changu hakikutokea humo. Kilitokea kwa kinyozi, katika soko la Mayoni, kando ya barabara itokayo Mumias kwenda Bungoma, baina ya mlio wa mashine ya kunyolea na ngurumo za trekta za miwa. Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo, mwaka wa 2024, na tulikuwa nyumbani kwa likizo ya Aprili.

Chanzo chake kilikuwa pesa. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne wa kijijini kwetu. Kila Jumapili baada ya ibada wao hukutana chini ya mfenesi wa Mwenyekiti, kila mmoja akatoa shilingi 200. Sehemu humwendea mwenye zamu, sehemu hubaki sandukuni ili mwenye shida akope na kulipa polepole. Hakuna benki, hakuna karani. Kuna sanduku la bati lenye kufuli mbili na kuna daftari.

Basi mwezi wa Aprili walipofungua sanduku na kuhesabu, daftari lilisema kiasi kimoja na sanduku likasema kingine. Pengo lilikuwa shilingi 2,350. Hakuna aliyetamka neno "wizi". Lakini wewe mwenyewe unajua jinsi akina mama wanavyoweza kunyamaza. Kimya kile kilimfuata Mama kisimani, kikamfuata posho mill, kikamfuata hata kanisani. Akapewa muda hadi Jumapili tarehe 5 Mei aeleze pesa zilienda wapi. Mama naye, kwa kuwa hakuwa na la kueleza, akaanza kumtafuta mnunuzi wa mbuzi wetu wa pekee.

Nilipoona mbuzi anapimwa kwa macho na mchuuzi, nikajitia kimbelembele. Nikamwambia, "Mama, usiuze. Nitaliingiza daftari lote kwenye tarakilishi, itatuonyesha kosa liko wapi."

Mama alinitazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali. "Hiyo mashine yako inaongea lugha gani?"

"Kiingereza, Mama."

"Basi hao wenzangu wataiamini vipi? Mtoto wa mweka hazina anakuja na mashine ya mtoto wa mweka hazina, inasema maneno ambayo ni mtoto wa mweka hazina tu anayeyaelewa. Mwanangu, hiyo si kunisaidia. Hiyo ni kunizika."

Nilipigwa na butwaa. Alisema kweli tupu. Wengi wa akina mama wale waliishia darasa la saba, nao husoma Kiswahili vizuri sana, Biblia nzima wameimaliza. Kiingereza ndicho kinachowatupa nje. Nikalala na swali hilo: je, haiwezekani mashine ikapewa amri kwa Kiswahili, ili kila mtu aone imeambiwa nini?

Hapa inanibidi nieleze hali ya tarakilishi yenyewe. Ilikuwa kipakatalishi kikuukuu ambacho mjomba wangu alikinunua kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akihama. Kilikuwa na Linux, betri yake ilidumu dakika arobaini kama hali ya hewa ni njema, na nywila kuu ya mashine aliondoka nayo yule mwanafunzi. Mimi nilikuwa mgeni tu ndani ya mashine yangu mwenyewe: ningeweza kuandika na kuhifadhi kwenye chumba changu, lakini kuleta programu mpya katika nyumba nzima, hapana. Bando nalo lilikuwa ndoto. Hata hivyo yule mwanafunzi, Mungu ambariki, aliacha ndani yake kompaila ya lugha ya C, yaani ile programu inayochukua msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza.

Nilikuwa na kitu kingine pia. Siku ya kufunga shule, mwalimu wetu wa tarakilishi alinipa flashi akasema, "Humu mna lugha nzima. Si programu iliyopikwa tayari, ni unga, mafuta na kuni. Pika mwenyewe." Lugha hiyo inaitwa Lua, toleo la 5.3.6, na furushi lake lilikuwa na kilobaiti 300 hivi. Picha moja ya simu huwa kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Ndani yake mna faili zaidi ya 30 za lugha ya C, pamoja na mwongozo mzima wa kusoma bila mtandao.

Niliusoma mwongozo huo usiku, na maelezo mengine niliyapata kwa mwalimu baadaye. Lua ilibuniwa mwaka wa 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazili, na watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Miaka iliyotangulia, serikali ya Brazili ilikuwa imezuia sana uingizaji wa vifaa vya tarakilishi kutoka nje, kwa hivyo watu wa huko walizoea kujitengenezea. Walikuwa na lugha nyingine ndogo iliyoitwa Sol, neno ambalo kwa Kireno ni jua. Lugha mpya ilipozaliwa wakaiita Lua, yaani mwezi. Toka hapo mwezi huo umeangaza kote: michezo mingi ya video inaendeshwa kwa Lua, ukiwemo World of Warcraft wa mwaka wa 2004. Nacho kibali chake kinamruhusu mtu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, mradi asifute majina ya wenyewe.

Lakini kilichonishangaza ni hiki: hao Wabrazili nao, ambao nyumbani huzungumza Kireno, maneno ya lugha yao waliyaandika kwa Kiingereza. Maneno yenyewe ni 22 tu. Ishirini na mawili! Insha fupi ya kidato cha kwanza ina maneno mengi kuliko hayo. Nikajiambia, ikiwa lugha nzima inasimama juu ya maneno 22, na chanzo chake ninacho mkononi, nani atanizuia kuyafasiri?

Asubuhi niliingia Mayoni na kipakatalishi ndani ya mfuko wa sukari. Nyumbani tuna taa ya sola tu, haiwezi kubeba mzigo huo. Kinyozi huchaji simu kwa shilingi ishirini. Kwa mashine yangu alitaka hamsini, tukapatana thelathini na kwamba nisizuie wateja kioo. Nikaketi pembeni kwenye kreti ya soda, nikafungua furushi, nikaingia ndani ya folda, nikaandika: make linux.

Salaale! Maandishi yalianza kuteremka kama maji ya Mto Nzoia wakati wa masika. Mteja mmoja mwenye povu la sabuni shingoni aligeuka akauliza, "Dada, hiyo kitu imeharibika?" Nikamwambia hapana, inajengwa. Kabla sijafunga mdomo, ikaharibika. Mashine ilisema haikuona faili iitwayo readline.h, kisha ikasimama tisti. Kinyozi akazima mashine yake akasubiri, kama watu wanaosubiri habari za mgonjwa.

Readline ni programu ya pembeni inayomsaidia mtu kurekebisha mstari anaouandika. Kuileta kulihitaji mtandao na ile nywila kuu, na sikuwa na lolote kati ya hayo mawili. Kijasho chembamba kikanitiririka. Nikasoma mwongozo tena, nikajaribu kuandika make peke yake, bila kitu kingine. Badala ya kunifokea ikanipa orodha ya aina za mashine inazozifahamu, nikaliona katikati neno generic. Neno hilo nalijua toka duka la dawa! Mama huwa anaambiwa, "Chukua hii ya generic, ni bei rahisi na inaponya vilevile." Nikafagia mabaki kwanza kwa make clean, kisha make generic. Maji ya Nzoia yakateremka tena, safari hii yakafika ziwani. Haikuchukua hata dakika moja na nusu. Nikaandika make test, ikajitaja jina: Lua 5.3.6, na haki za wenyewe.

Wateja wawili walipiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Kuiweka mahali pake kulinipa kikwazo kingine. Amri ya kawaida ya make install ilitaka kupeleka faili kwenye sehemu ya wakubwa wa mashine, ikarudishwa mlangoni: huna ruhusa. Lakini wale watu wa Rio walikuwa wamemfikiria hata mgeni kama mimi. Kuna amri ya make local, ambayo huweka kila kitu ndani ya folda uliyomo, pasipo kumwomba mtu yeyote nywila. Nikawa na lugha yangu, katika chumba changu, juu ya kreti ya soda. Stima ikapotea papo hapo. Kinyozi akasema stima ya Mayoni ina wivu.

Siku ya pili ndiyo niliyoanza kazi yenyewe ya kufasiri. Niliyatafuta maneno hayo katika faili zote, nikayakuta yamekaa pamoja katika faili moja iitwayo llex.c, yamepangwa kwa foleni, moja baada ya jingine: and, break, do, else, na kuendelea. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika yangu kwenye karatasi nikishirikiana na Mama. Hilo ni jambo ambalo sitalisahau, Mama na mimi mbele ya taa ya sola tukibishania maneno. If ikawa kama. Then ikawa basi. Do, fanya. While, wakati. Not, si. True na false, kweli na uongo. Nil, ambayo maana yake ni kitu kisichokuwepo, Mama aliipa jina la tupu. Break nilitaka iwe basi, maana ndivyo tunavyosema tukitaka mtu aache, lakini basi ilikwisha kuchukuliwa, ikawa katiza. Local, yaani kitu cha hapa tu kisichojulikana nje, ikawa hapa. End nilitaka iwe tamati, Mama akasema, "Tamati ni ya kwenye filamu. Andika mwisho." Ikawa mwisho.

Sasa sikiliza balaa. Niliona kuwa maneno ya Kiingereza katika ile faili yamepangwa kialfabeti. Mimi, mtoto mwenye nidhamu, nikadhani ni sheria. Nikayapanga ya kwangu kialfabeti vilevile: au, aukama, basi, fanya, hapa, kama, na kuendelea hadi wakati. Nikajenga upya. Kompaila haikulalamika hata kidogo. Nikaandika programu yangu ya kwanza iliyoanza na neno kama. Mashine ikajibu kwamba ilitarajia faili iishe hapo karibu na neno kama. Iishe vipi, nami ndiyo kwanza naanza?

Nilijaribu hivi, nikajaribu vile. Siku nzima ikaisha, pamoja na shilingi thelathini nyingine. Nikirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea mgongoni na mashine ikiwa tumboni chini ya sweta, nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Jumapili ilikuwa inakuja mbio, na mchuuzi wa mbuzi alikuwa amepita tena.

Nilipata jibu kwenye karatasi, si kwenye mashine. Juu ya ile foleni ya maneno palikuwa na maandishi madogo yenye kusema ORDER RESERVED, na katika faili jirani, llex.h, palikuwa na onyo kwa mtu atakayegusa mpangilio. Mashine haikuwa inasoma maana ya maneno yangu. Ilikuwa inahesabu nafasi yake kwenye foleni! Neno la kwanza ni "na", liwe limeandikwaje. La sita ni "mwisho". Nikachukua kalamu nikaweka orodha mbili sambamba, nikacheka peke yangu hadi Kukhu akauliza kuna nini. Katika lugha niliyoijenga, neno kama lilikuwa na maana ya mwisho. Neno kweli lilikuwa na maana ya kama. Tupu ndiyo iliyokuwa kweli. Au ilimaanisha na. Mwisho ulimaanisha hapa. Ni maneno mawili tu, kazi na wakati, yaliyoangukia nafasi zake halisi, nayo kwa bahati tu. Nilikuwa nimetunga lugha ya wendawazimu na mashine ilikuwa ikiitii kwa uaminifu mkubwa.

Kesho yake nikayapanga kwa maana, nikajenga, nikajaribu. Ikakubali. Nikaongeza na mstari mmoja katika faili nyingine ili print iitike pia kwa jina la andika. Hii hapa programu nzima niliyoiandika. Ninyi wanachama wa Chama cha Kiswahili mtaisoma bila kufundishwa:

hapa tayari = {}
kwa mstari katika io.lines("daftari.txt") fanya
  kama tayari[mstari] basi
    andika("Umerudiwa:", mstari)
  mwisho
  tayari[mstari] = kweli
mwisho

Inasema hivi: pitia daftari mstari kwa mstari, kama mstari huu tumekwisha kuuona, basi utangaze kwamba umerudiwa, kisha uweke alama kuwa umeonekana. Kila mstari una tarehe, jina na kiasi, kwa hivyo haiwezekani mistari miwili ikafanana kabisa pasipo sababu.

Kunakili daftari kulinichukua siku mbili, maana mistari ilikuwa zaidi ya mia tatu. Wakati huo huo, kwa ajili ya mafuriko ya mwaka ule, serikali ilitangaza kwamba shule hazitafunguliwa tarehe 29 Aprili, zikasogezwa hadi tarehe 6 Mei, kisha zikaahirishwa tena; hatimaye tulifungua tarehe 13. Kama si hivyo, Jumapili hiyo ningekuwa bwenini. Huwa nawafikiria watu waliopoteza nyumba na jamaa zao katika maji yale, nikaona haya kusema yalinifaa. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa jioni niliendesha programu. Ikaandika mistari mitatu. Shilingi 1,500. Shilingi 650. Shilingi 200. Jumlisha mwenyewe.

Nilifurahi kwa muda wa kama sekunde tano. Kisha nikalifungua daftari kutazama mistari hiyo mitatu, moyo ukaniruka. Kila mmoja ulikuwa wa mwisho katika ukurasa, na ulirudiwa tena juu ya ukurasa uliofuata. Na mwandiko ulikuwa wangu.

Ngoja nieleze. Mwezi wa Desemba uliotangulia paa letu lilivuja, daftari la zamani likaloa hadi kurasa zikagandana. Mama alinunua jipya akaniomba nilinakili kabla la zamani halijaoza kabisa. Nililinakili usiku mmoja, nikiwa na usingizi, na kila nilipofungua ukurasa mpya nilianza kwa kutazama nilikoishia. Mara tatu niliandika tena pale nilipoishia. Malipo matatu ya mkopo yakawa sita. Pesa ambazo hazikuwahi kuingia sandukuni zikaingia daftarini, na Mama akawa mdaiwa wa pesa ambazo hazikuwahi kuwepo. Yaani wiki tatu zote nilizokuwa nikimtazama kwa huruma, aliyempaka matope ni mimi.

Nilimwambia usiku ule ule. Hakunigombeza. Alikaa kimya, akapuliza moto, kisha akasema, "Jumapili ukisimama, usiseme ni wewe. Sema ni mimi niliyenakili. Wale wanasema kila siku kwamba kitabu cha chama si cha watoto. Wakijua nilikupa wewe, sitapewa tena kitabu, na wewe hutaaminiwa na kitu."

Sikulala. Nilitamani kumtii, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejipangia nitakavyosimama pale kama shujaa aliyemwokoa mamake kwa mwezi wa Brazili.

Jumapili ile mvua ilikatika kidogo. Akina mama walikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki. Niliweka kipakatalishi juu ya stuli, nikageuza kioo wote waone, nikasoma programu kwa sauti. Nilipofika "kama tayari, basi andika", Mwenyekiti alinikatiza: "Ngoja. Soma tena hapo." Nikasoma. Akaisoma mwenyewe kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Kwa hivyo haijumlishi? Inatafuta mapacha?" Nikasema ndiyo, Mama Mwenyekiti, inatafuta mapacha. Wakacheka, na kile kimya cha wiki tatu kikapasuka kidogo.

Nikaiendesha. Mistari mitatu ikajitokeza. Mama mmoja aliyeketi nyuma akasema kile ambacho Mama yangu alikitabiri: "Mashine husema inalotumwa." Hakuna aliyemjibu. Nikaona sasa ndio wakati. Nikasema, "Ni kweli, husema inalotumwa. Kosa hilo si la mashine wala si la Mama. Daftari hili nililinakili mimi mwezi wa Desemba. Mwandiko ni wangu. Niliandika mara mbili." Nilihisi Mama akinitazama, sikugeuka.

Ikawa kimya tena. Halafu yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye mstari wa shilingi 1,500 akainuka. Ieleweke kwamba kwa kitabu kile alikuwa amemaliza deni lake lote. Kama malipo yangefutwa mara moja, angekuwa bado anadaiwa. Angeweza kukaa kimya, nani angembishia? Akasema, "Mimi nililipa mara moja. Nilishangaa kuambiwa nimemaliza, nikadhani ni baraka." Wa pili akakiri vivyo hivyo. Wa tatu, wa zile mia mbili, akasema hakumbuki, akachekwa sana.

Bado Kukhu hakuridhika. Yeye ndiye mwanachama mkongwe kuliko wote, na mkoba wake huwa na punje za mahindi. Akaamuru daftari lisomwe upya kwa mdomo, naye kwa kila shilingi hamsini akaweka punje moja kwenye beseni, akiziruka zile pacha. Ilichukua saa mbili na nusu. Betri ya mashine yangu ilikuwa imekwisha kuzima zamani, na hakuna aliyeitazama tena. Punje zilipokwisha kuhesabiwa zililingana na sanduku. Hapo ndipo watu walipoamini, na nadhani walikuwa na haki. Punje unaweza kuzishika.

Mama alibaki na kitabu. Mimi nilipigwa marufuku kukigusa kwa mwaka mmoja, kwa kura. Mbuzi yuko, alizaa mapacha mwezi wa Agosti, na msishangae watu wa chama wanawaitaje.

Shule zilipofunguliwa nilimkimbilia mwalimu wa tarakilishi na flashi yangu. Alisoma programu, akatabasamu, akaniuliza kama nilijua kuwa ndani ya kila Linux mna amri mbili ndogo, sort na uniq, ambazo zingenipa ile mistari mitatu kwa sekunde moja, bila kujenga chochote. Tena akaongeza kwamba lugha nyingine iitwayo Perl ilikuwemo humo muda wote, imelala. Nilitaka ardhi ipasuke. Kisha nikamwuliza kama sort na uniq Mwenyekiti angeweza kuzisoma. Akakuna kidevu, akasema hapo sasa umenipata.

Lugha yenyewe haijakamilika. Ukiandika 2+2 peke yake mbele yake inanuna badala ya kutoa jibu, kwa sababu katika faili iitwayo lua.c kuna neno return ambalo wenyewe huliongeza kimyakimya mbele ya hesabu, na mimi sikuligusa. Inabidi useme andika(2+2). Makosa nayo bado inayatangaza kwa Kiingereza, na hayo yametawanyika katika faili nyingi. Aidha mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili ameitazama orodha ya maneno 22 akakataa manne. Anasema while si wakati, ni maadamu. Anasema aukama si Kiswahili cha mahali popote. Tumebishana naye mara tatu nje ya chumba cha walimu. Akishinda, nitabadilisha maneno hayo manne mahali pake pale pale kwenye foleni, bila kugusa alfabeti, niandike make generic, na kinyozi atapata shilingi zake thelathini.